Kengele ya Shehena

Inasimuliwa kwamba ng'ambo ya bahari, mbali kupita pale macho ya nahodha yanapokoma, palikuwa na mji wa punda ulioitwa Kwato. Majahazi yaliingia huko na kaskazi na kuondoka na kusi, na baina ya kuja na kuondoka kwao hapakuwa na kitu kilichosogea katika mji ule ila kwa mgongo wa punda: mawe ya matumbawe kutoka ufukweni, chokaa kutoka tanurini, maji kutoka kisima cha bondeni, na boriti za mikoko zilizouzwa kwa korija, yaani boriti 20 kwa hesabu moja. Wahenga walioujenga mji huo hawakulipenda jua, ndiyo maana vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawakuweza kupishana. Kwa hiyo ikawekwa ada iliyokuwa na nguvu kuliko amri yoyote ya Jumbe, kwamba wakikutana wawili kichochoroni, mwenye mzigo mwepesi arudi nyuma hadi konani ampishe mwenye mzigo mzito. Haikuandikwa popote, wala hakuna aliyeona haja ya kuiandika, kwani ilikuwa ya haki na kila punda aliijua kwa miguu yake.

Hata hivyo walikuwapo punda ambao ada hiyo haikuwafaa kitu. Ulikuwako katika Kwato ugonjwa ulioitwa kusi la kichwani, kwa sababu aliyepatwa nao alikuwa kama chombo kilichokatikiwa na nanga wakati pepo zimekaza. Alilala asipate usingizi, alisikia akiitwa na sauti ambazo wenzake hawakuzisikia, alikimbia pasipo na wa kumfukuza, na pengine aliona mbele yake mambo makubwa mno hata akawahurumia wanaobeba mawe. Wengine kusi liliwalaza badala ya kuwakimbiza, wakautazama ukuta mwezi mzima. Mara nyingi liliwashukia vijana, wakati ndio kwanza migongo yao imekomaa na wazazi wao wameanza kupumua. Chanzo chake wazee walikieleza kwa namna saba, na kila namna ilikuwa na mkosaji ndani yake: mama alikanyaga kaburi, babu alikula mali ya yatima, jirani ana kijicho, kijana mwenyewe ana kiburi na uvivu, na kadhalika. Namna ya nane, isiyokuwa na mkosaji, haikuwahi kumjia mzee yeyote, ijapokuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Zamani za kale mwenye kusi alifungwa mguu kwenye gogo la mwembe, akaachwa nyuma ya zizi hadi kwato zake zikarefuka na kupinda kama pembe. Kisha kikaja kizazi cha wazee wenye mioyo laini, wakasema gogo ni ukatili, wakatafuta jambo la huruma, na huruma yao ikawa kengele. Ilikuwa ya shaba, ikafungwa kooni kwa kamba ya kumbi. "Kengele haiumizi," wakasema, "inatuarifu tu." Ilipolia kichochoroni, mama waliwaita watoto wao ndani, na mwenye kengele alipaswa kurudi nyuma, hata awe amebeba nini. Hapo ningependa unayenisikiliza utulie kidogo, uone kwa macho yako. Punda aliyefungwa boriti 4, ncha zake zikiburura chini nyuma yake, anapokwenda mbele huenda vyema. Anapolazimika kurudi kinyumenyume, kila boriti hugota kwenye udongo na kumsukuma shingo kwa mbele, na visigino vyake hukwaruzwa na magome. Basi hivyo ndivyo walivyorudi wenye kengele, mlango baada ya mlango, kumpisha kijana aliyebeba vikapu viwili vitupu.

Mwenye kengele hakukubaliwa ushahidi barazani. Hakuposa wala hakuposwa. Neno lenyewe, punda wa kengele, likawa tusi la kila siku, akiitwa hivyo aliyemwaga maji, aliyesahau njia, aliyekawia kujibu. Vihongwe walilijua kabla hawajajua kubeba. Na mmoja wa vihongwe hao alikuwa jike mwenye manyoya ya kijivu na mgongo mpana, jina lake Shehena. Mtaani kwao alipita kila asubuhi bibi mmoja mwenye kengele akienda kuchota maji, na Shehena pamoja na wenzake walimfuata nyuma wakitikisa shingo na kuiga mlio kwa midomo, wakacheka hadi wakakohoa. Hakuwa mtoto mbaya. Alijifunza tusi kama alivyojifunza majina ya vichochoro, na kama vichochoro, likakaa kichwani mwake likingoja siku atakayolihitaji.

Siku hiyo ilifika alipokuwa na miaka 5, amekwisha kukomaa, na wachuuzi wa mawe wanamgombania. Usiku wa tatu wa kukosa usingizi alisikia kisima kikimwita kwa jina. Hakikumwita kwa ukali. Kilimwita kama mama amwitavyo mtoto aliyechelewa chakula. Akajivisha sogi tupu, akateremka ufukweni, akasimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, akingoja kupakiwa mizigo ya jahazi aliloliona yeye peke yake, lenye taa katika kila tundu. Alfajiri kulasitara waliokuja kuwinda kaa walimkuta angali amesimama, sogi limejaa maji ya chumvi, naye anahesabu kwa sauti mizigo inayoshuka. Alikuwa amefika mzigo wa 312.

Kabla ya adhuhuri alikuwa na kengele shingoni. Mama yake alilia, kisha akamnong'oneza neno ambalo mama wengi wa Kwato waliwaambia watoto wao saa kama ile: "Mwanangu, jitahidi isilie sana."

Alikuwako mganga aliyeitwa Bi Kobe, aliyekuja kutoka nyika kwa mwendo wake wa taratibu, mjuzi wa majani. Jani la kwanza alilompa Shehena halikumwafiki. La pili lilimfaa. Wiki ya sita kisima kikanyamaza, na jahazi lenye taa likang'oa nanga likaondoka. Jani lilikuwa na gharama zake: lilimkausha mdomo, likamnenepesha tumbo, likamfanya aamke mzito kama mchanga uliolowa, na mdomo wake wa chini ukawa unatetemeka kidogo asipoubana. Lakini akili yake ilirudi, akawajua ndugu zake, akacheka tena, akawa anaweza kuhesabu korija bila kukosea. Kengele ilibaki palepale.

Hapo ndipo Shehena alipojifunza ufundi ambao hakuna fundi anayeufundisha. Alijifunza kuikaza shingo kama mlingoti. Alijifunza kupiga hatua fupi, ubavu ukiwa umeegemea ukutani ili ukuta uuzuie mwili usitikisike, na kabla ya kila kona kusimama na kusikiliza kama kuna anayekuja. Alijua ni wapi jiwe limechomoka na ni wapi maji ya bomba la paa yamechimba shimo. Baada ya miaka 3 aliweza kutoka zizini hadi kisimani na kurudi bila kengele yake kutoa hata mlio mmoja, na wazee waliokaa barazani walipomwona akipita hivyo, wakaambiana kwa furaha, "Huyu ametulia."

Akatawazwa Jumbe mpya, aliyekuwa amesafiri ujanani na kuona miji ambayo wenye kusi hubeba mizigo, huoa na kuolewa, na kutoa ushahidi. Mbiu ikapigwa. Kamba zikatafunwa zikakatika, na kengele 47 zikarundikwa mbele ya baraza. Wazee wakatoa hotuba tangu asubuhi hadi jua la utosi, kila mmoja akieleza jinsi moyo wake ulivyokuwa ukizichukia kengele tangu zamani. Zikahesabiwa mara mbili, idadi yake ikaandikwa, kazi ikaonekana imekwisha. Hakuna aliyezihesabu shingo.

Shehena alirudi nyumbani siku hiyo ameegemea ukuta. Shingo mlingoti, hatua fupi. Palipopita kamba manyoya yalikuwa yamelika hadi ngozi, na upepo ulipomgusa pale pakavu alishtuka, akasimama kama mwizi, akidhani imelia. Alipofika konani akasikiliza. Mbele yake akatokea punda aliyebeba mzigo wa majani makavu, ilhali yeye ana mitungi miwili ya maji. Shehena akarudi nyuma kabla mwenzake hajafungua mdomo, na yule, ambaye huenda angempisha, akapita zake. Ikawa hivyo kila siku. Watu wa mji wakasema, "Mnaona? Wenyewe hawataki." Na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusikia hotuba, walisema hivyo dhamiri zao zikiwa nyeupe.

Mwaka wa pili tangu kamba zikatwe, kusi la baharini liliubomoa ukuta uliouzuia mji na mawimbi, na Jumbe akatangaza kwamba wanatakiwa punda 30 wa kubeba mawe, kwa ujira mzuri na shayiri ya jioni. Shehena alisikia mbiu, na moyo wake ukadunda kwa namna ambayo haukudunda tangu alipokuwa kijana. Usiku ule alijipangusa vumbi, akasugua kwato, akapanga maneno atakayosema. Asubuhi akashika njia. Lakini alipokuwa akienda, sauti ikaanza.

Haikuwa ile ya kisima. Ile ilikuwa imenyamazishwa na jani. Hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye akili timamu, na maneno yake aliyajua yote, kwa kuwa aliyatamka mwenyewe alipokuwa kihongwe akimfuata bibi wa watu kichochoroni. Unakwenda wapi, punda wa kengele? Nani atakukabidhi mawe? Utasimama katikati ya njia uanze kuhesabu majahazi. Watakuangalia shingo. Wamekwisha kukuangalia. Heri urudi mwenyewe kuliko kurudishwa.

Karani alikuwa amekaa langoni na orodha ya majina 29. Aliinua uso, akamwona punda jike mwenye mgongo mpana amesimama hatua chache kutoka pale, kisha akamwona akigeuka. Akadhani amesahau kitu nyumbani. Akaweka kalamu chini, akangoja hadi alasiri.

"Wamenikataa, mama," Shehena alisema alipoingia zizini. Na mama yake, aliyekuwa amelitayarisha jibu hilo moyoni tangu asubuhi, hakuuliza ni nani aliyekataa.

Tangu hapo swali moja likawa ndilo jawabu la kila jambo: kuna faida gani? Akiambiwa ajipanguse, kuna faida gani. Akialikwa arusi ya rafiki, kuna faida gani kwenda kusimama mlangoni. Wenye hekima wa mji waliona mtu amekaa tu, wakaita uvivu. Wengine wakasema ni kusi lenyewe, na kweli lipo kusi la namna hiyo, lenye kulaza. Lakini si kila kulala kwa Shehena kulitoka kwenye kusi, nami nalisema hili kwa uchungu, kwani nimeona zizi zima likimtazama mgonjwa kwa miaka na kumwekea ugonjwa wake hesabu ya mambo ambayo ugonjwa haukuyafanya.

Kisha kaka yake, Tishali, akachumbia katika nyumba ya juu ya mji. Siku 9 za arusi zilipokaribia, mama alilichukua fungu la majani ya Shehena, akalitia ndani ya mtungi wa zamani nyuma ya majamvi, akasema kwa sauti ya upole, "Wageni wakiondoka nitakurudishia, mwanangu. Unajua midomo ya watu." Alikuwa akimpenda binti yake. Alikuwa amelala chini karibu naye usiku mwingi wa kisima, na kama angeweza kulibeba kusi lile kwa mgongo wake angelibeba. Naye pia alikuwa akitembea ameegemea ukuta, ila hakuna aliyewahi kumfunga kitu shingoni. Shehena alikubali. Wageni walipoondoka mama akasahau, na Shehena hakuulizia, kwa sababu kila jioni alipotafuna jani lile alijisikia anasema kwa mdomo wake mwenyewe, Mimi ndiye yule. Jioni zikapita bila kusema hivyo, akaona raha. Mwezi wa pili haujaisha, kisima kikaita.

Safari hii walimkuta mapema, juu ya ngazi za gati, kabla hajaingia majini. Bi Kobe akaja tena kutoka nyika, akatazama nyuma ya majamvi, akauinua mtungi, akaumimina. Majani yalikuwa yamekauka hata yakalia kama karatasi. Hakugomba. Alikaa kando ya mgonjwa wake hadi siku alipoweza kumsikiliza, ndipo akanena:

"Mwanangu, nilikupa jani la kunyamazisha kisima, nikaona limefanya kazi, nikaenda zangu. Sikukuuliza kama kuna kingine kinachosema."

Shehena akanyamaza.

"Na jambo jingine nimelifikiria njiani, na mwendo wangu unaujua, kwa hiyo nimelifikiria sana. Siku ile ulipopona nilikuambia usitafute mizigo, ukae kivulini, usiutaabishe moyo. Nilidhani nakuhurumia. Wazee nao walipoleta kengele walidhani hivyo hivyo. Nisamehe."

Hakuna mganga aliyewahi kusema neno kama hilo katika Kwato, na Shehena hakujua ajibu nini. Akageuza uso, akautazama ukuta. Lakini usiku ule alilitafuna jani lake bila kuambiwa.

Palikuwa na punda mmoja mzee aliyeheshimiwa na wote, Mzee Nanga, kiongozi wa msafara wa boriti, ambaye sauti yake ikisikika kichochoroni hata wenye mawe walimpisha kwa adabu. Usiku mmoja wa mbalamwezi Shehena alikwenda kisimani saa ambayo hakutarajia kumkuta yeyote, akamkuta mzee huyo kwenye hori, anatafuna.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Hakumtazama. Aliendelea kutafuna, kisha akasema, "Nilikusikia tangu kona ya tanuri. Au niseme, sikukusikia. Punda wachache wanaojua kutembea namna hiyo."

"Namna gani, babu?"

"Bila kulia."

Damu ya Shehena ikasimama. Mzee Nanga akaacha hori, akauzunguka mdomo wa kisima mara moja, polepole, shingo imekazwa kama mlingoti, hatua fupi, ubavu ukitafuta ukuta usiokuwapo. Ulikuwa mwendo ule ule. Aliporudi alikuwa anahema kana kwamba amebeba korija nzima peke yake.

"Mimi sikufungwa," akasema. "Kusi lilinishika nikiwa bandari ya mbali, nikatibiwa huko, nikarudi na majani chini ya tende. Miaka 19 nayala hapa gizani. Mke wangu amekufa hajui. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu hakuna aliyewahi kuuona hata auite mwepesi." Akatema unyuzi wa jani. Shehena aliutazama pale chini kwenye mwanga wa mwezi, akautambua: lilikuwa jani lake la pili, lile lililomfaa.

Walikuwa wawili usiku huo. Mbalamwezi iliyofuata walikuwa 5, maana mwenye mwendo ule humjua mwenzake, na kabla kaskazi haijarudi walikuwa 11. Aliyekuja wa sita alikuwa bibi mzee sana ambaye Shehena alimtambua kwa masikio yake yaliyopasuka ncha. Shehena alimwendea, akapiga magoti mbele yake, akashindwa kusema. Bibi akamnusa paji la uso. "Ulikuwa na mlio mzuri kuliko wenzako wote," akamwambia. "Nikikusikia asubuhi nilijua hujambo."

Sasa yale waliyoyafanya kisimani si mambo makubwa, na msikilizaji anayengoja muujiza hatauona. Kila mmoja alisema kwa zamu maneno ambayo sauti yake humwambia. Wa kwanza aliposema, wa pili akashtuka, kwa kuwa ni yake. Wa tatu akasema hata mimi. Utakwenda wapi, nani atakukabidhi, wamekwisha kukuangalia, heri urudi mwenyewe. Walipofika wa nane, dume mmoja kijana aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa akacheka kwa sauti, wakamgeukia wote. "Lakini ni maneno yale yale!" akasema. "Mimi nilidhani yangu yametengenezwa kwa kipimo cha shingo yangu. Kumbe tumegawiwa sote kutoka ghala moja." Akaanza kutikisa shingo kwa nguvu, kama mbwa atokaye majini, akatikisa hadi akapepesuka, na wote 11 wakasimama kimya wakisikiliza. Walisikia vyura wa bondeni. Walisikia kamba ya ndoo ikigonga jiwe. Wakangoja tena.

Walibishana vilevile, na ubishi huo ulichukua miezi. Kuna waliosema mji wote uambiwe. Jike mmoja akasema, "Mimi bado. Mama mkwe wangu ana mdomo, na nina kihongwe ananyonya." Wakakubaliana kwamba kila mmoja apime mwenyewe amwambie nani, lini, na kiasi gani, na asiyesema asionekane mwoga. Bi Kobe alipofika kisimani walimpa mahali pa kukaa, kwa sharti kwamba azungumze wa mwisho. Na dume kijana kusi liliporudi kumshika, kwani lilirudi, mara mbili katika mwaka mmoja, walimpelekea maji na majani kwa zamu hadi likapita, na aliporudi kisimani hakuna aliyemuuliza alikosea nini.

Mzee Nanga aliuambia msafara wake asubuhi moja, mbele ya boriti zilizofungwa tayari. Wafanyabiashara wawili waliondoa korija zao siku hiyo hiyo, na hawakuzirudisha. Alizihesabu, akajua hasara yake, wala hakuificha. Usiku ule kijana mmoja wa msafara, ambaye hajawahi kumsemesha mzee ila kwa kuitikia amri, alimfuata zizini, akasimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akamuuliza majani hayo hupatikana wapi.

Naye Shehena akaenda langoni kwa karani. Alikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza aliishia kwenye kona ya tanuri. Mara ya tatu karani alikuwa anatafuta wa kushika nafasi ya punda aliyeumia mguu. Alimtazama kwa makini. "Wewe siye yule uliyesahau kitu nyumbani?"

"Ndiye," akasema Shehena. "Nina kusi la kichwani. Natafuna majani kila jioni, na asubuhi huamka mzito. Ukinitaka alfajiri nitakuwa wa mwisho kila siku. Jua likishapanda nabeba sawasawa na yeyote."

Karani akajikuna sikio kwa kalamu. Hakuwahi kuambiwa jambo la namna hiyo, na alionekana kulitafuta katika orodha yake asilione. "Mawe yapo kutwa nzima," akasema hatimaye. "Njoo likipanda."

Sijasema sauti ilinyamaza. Ilisema naye kila kona kwa siku nyingi, na zipo siku alizorudi zizini amechoka kwa kuijibu kuliko kwa mawe. Mdomo wake wa chini bado ulitetemeka, na sasa hakuubana. Fungu la majani alilitia juu ya sogi, mahali ambapo kila mpita njia angeliona.

Siku ya kumi na kitu, alipokuwa anapanda kutoka ufukweni na mawe ya matumbawe pande zote mbili, maji ya bahari bado yanadondoka kutoka kwenye vitundu vyake, aliingia kichochoro cha chini ya msikiti, ambacho ni chembamba kupita vyote. Kutoka juu akaja dume la nyumba ya wakweze Tishali, amening'iniza vikapu viwili vitupu. Wakakutana katikati. Mguu wa nyuma wa Shehena ukainuka wenyewe na kuanza kurudi, kama ulivyozoea, na mawe yakamgandamiza mbavu. Akaukamata hewani. Akaushusha chini, mahali pake.

Wakasimama. Jua lilikuwa limeingia kati ya kuta, ukanda mwembamba, likiwaangukia wote wawili. Dume lile liliyasimamisha masikio, likamtazama shingo, na Shehena akamwacha atazame. Kisha macho yake yakateremka kwenye sogi, yakayaona mawe, yakayahesabu. Akaanza kurudi nyuma, hatua moja, akasita, hatua ya pili, vikapu vikikwaruza ukuta kwa sababu hakuwa na mazoea. Shehena alimngoja, bila haraka, mpaka alipofika konani na kukunja ubavu. Ndipo akaendelea na njia yake, katikati ya kichochoro.